Kabla ya Kumwita Fundi wa Banda la Uani

Jumapili iliyopita nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa kiwandani, ambaye watoto wote wa mtaa ule humwita baba, na mimi pia tangu nilipohamia pale humwita hivyo hivyo. Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza cha nyuma, mkononi kikombe cha chai iliyokwisha poa, akiutazama ukuta wa matofali ya saruji uliofika usawa wa lenta. Ukutani palikuwa na alama kubwa ya X iliyopakwa kwa rangi nyekundu, na chini yake neno moja tu: BOMOA.

Nilipompa shikamoo aliitikia, kisha akanionyesha ule ukuta kwa kidevu. "Mwanangu," aliniambia, "kiinua mgongo changu chote kimo humo."

Maneno hayo sikuweza kuyasahau wiki nzima. Nimeona yafaa leo tuzungumze, wewe nami, juu ya banda la uani: lile jengo dogo la vyumba viwili au vitatu ambalo kila mwenye nyumba mjini hulitamani. Wengine hulitaka ili mwana aliyeoa apate pa kuanzia maisha. Wengine ili wazazi waliotoka shamba wapate pa kulala. Na wengine, kama mzee wetu, ili kodi ya wapangaji iwe tegemeo baada ya mshahara kukoma. Hayo yote ni mambo mema. Lakini jambo jema likianzwa vibaya humrudia mtu likiwa hasara.

Kosa la mzee huyu lilikuwa dogo kulitaja. Alimwuliza fundi kama panahitajika kibali, naye fundi akamjibu kwa kicheko: "Kibali cha nini, mzee? Kiwanja ni chako, na hili ni banda tu la uani." Mzee aliridhika. Msingi ukachimbwa, matofali yakapangwa, na wiki ya tano wakaja wakaguzi wa halmashauri.

UANI SI MAHALI PA NYUMA TU

Wengi wetu twaamini kwamba kinachojengwa mbele ya nyumba ndicho kinachoihusu serikali, na kinachojengwa uani ni siri ya mwenyewe. Imani hiyo ina mizizi yake. Katika nyumba ya Kiswahili iliyoenea Kariakoo, Magomeni na Temeke, uani ndiko kulikokuwa jiko, choo, kisima na stoo ya kuni. Wanawake walipika na kuzungumza huko, na mgeni hakuingia bila kubisha hodi. Kwa upande mwingine, kule Oysterbay walikokaa maofisa wa kikoloni, nyuma ya kila jumba kulikuwa na boi kota, vyumba vya watumishi vilivyotengwa na nyumba kubwa. Banda la uani la leo limezaliwa na wazazi hao wawili.

Aidha, ni kweli kwamba sheria za ujenzi za zamani hazikutungwa kwa kumpenda mwananchi. Wakoloni walizitumia kanuni za majengo kuugawa mji wa Dar es Salaam: huku Uzunguni, huku Uhindini, na kule Uswahilini. Kumbukumbu hiyo bado imo vichwani, na ndiyo maana hata leo mtu akisikia neno "kibali" hujiona kama anaombwa ruhusa ya kukaa kwake mwenyewe.

Lakini, ndugu msomaji, tusiihukumu dawa kwa ubaya wa mganga wa kwanza. Sheria inayotumika sasa mijini kote Tanzania Bara ni ile ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Hiyo inamtaka mtu yeyote anayekusudia kuiendeleza ardhi katika eneo lililotangazwa kuwa la mipango apate kwanza ridhaa ya mamlaka ya upangaji, nayo kwa wengi wetu ni halmashauri ya jiji, ya manispaa au ya mji. Sheria haisemi "ardhi ya mbele ya nyumba". Chumba kimoja cha kudumu uani ni uendelezaji wa ardhi, sawa na nyumba nzima.

KIBALI KINALINDA NINI

Hebu tuulize swali ambalo fundi wa mzee wetu hakulijibu: kibali cha nini?

Kwanza ni kwa ajili ya hewa na mwanga. Tazama uani nyingi za mjini: banda limegusana na nyumba kubwa, na dirisha la chumba cha ndani sasa linatazama ukuta. Chumba kisicho na hewa ni makazi ya maradhi. Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa, na hupata nafasi zaidi penye vyumba vilivyosongamana ambavyo havipitishi upepo. Na mpangaji anayewasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hakuwekewa mahali pa kupikia, anaweza asiamke asubuhi, kwani hewa ya mkaa huua pasipo kunusika.

Pili ni kwa ajili ya majitaka. Karo lililochimbwa kwa familia ya watu sita halitoshi likiongezewa wapangaji wanane. Hujaa upesi, na wakati wa masika humwaga uchafu wake kwa majirani. Mkaguzi anapouliza karo liko wapi na gari la kunyonya majitaka litapita wapi, anayatetea maisha ya mtoto wako na ya jirani yako kwa pamoja.

Tatu ni kwa ajili ya moto. Nafasi inayoachwa kati ya jengo na mpaka si ardhi iliyopotea; ndiyo njia ya kumtoa mgonjwa, ya kupitisha maji ya mvua, na ya kuuzuia moto usiruke kutoka paa hadi paa.

Nne ni uimara wa jengo lenyewe. Siku hizi wako wanaoanza na banda la chini, kisha wakipata fedha huweka ghorofa juu ya msingi ambao haukupimwa kwa mzigo huo. Tumeyaona maafa mjini. Mwaka 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua watu wengi. Majengo hayo hayakuwa mabanda ya uani, lakini uzito hauchagui ukubwa wa jengo: msingi usiobeba haubebi.

Tano ni mahali penyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, na barabara kuu nazo zina hifadhi zake. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilibomolewa, na mwaka 2017 ikafuata zamu ya zile za Kimara zilizokuwa katika hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Walioumia hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa watu wa jasho waliokwisha kutumia akiba ya maisha yao yote. Mtu hawezi kuuliza baada ya kupaua. Wakati wa kuuliza ni kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

HATUA KWA HATUA

Basi afanyeje mfanyakazi mwenye kiwanja, akiba kidogo na nia njema? Yafuatayo ndiyo yanayompasa.

Aanze nyumbani, kwenye sanduku la karatasi. Atoe hati yake, au barua ya toleo, au leseni ya makazi, na ayasome masharti yaliyoandikwa humo. Wengi huitunza hati kama hirizi na hawajaisoma hata siku moja. Humo imeandikwa kiwanja ni cha matumizi gani. Kiwanja cha makazi pekee hakigeuki kuwa cha duka kwa sababu tu chumba cha uani kimefunguliwa mlango wa barabarani. Mabadiliko ya matumizi yana maombi yake.

Kisha azitafute bikoni. Mawe hayo ya mipaka aghalabu yamefukiwa na takataka, au yameng'olewa na watoto, au ukuta wa jirani umeyapita. Kama hayaonekani, amwite mpima ardhi kabla ya fundi. Gharama ya kupima upya ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa.

Halafu aende ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa hawatoi kibali cha ujenzi, na yeyote anayekuambia kuwa barua yao inatosha anakudanganya. Lakini wao wanamjua mwenye kiwanja, wanaijua migogoro ya mipaka, na utambulisho wao huifungua njia ya halmashauri.

Hatua inayofuata ni ofisi ya Mipangomiji ya halmashauri. Aende kuuliza kabla ya kuchora. Viwanja havilingani: vipo vya ujazo mkubwa, yaani vidogo vilivyokaribiana, vya ujazo wa kati, na vya ujazo mdogo vilivyo vikubwa. Umbali wa kuacha kutoka mpakani, na kiasi cha kiwanja kinachoruhusiwa kufunikwa na majengo, hutegemea aina hiyo. Kwa hiyo usichukue vipimo vya shemeji yako wa mtaa mwingine ukavifanya sheria kwako. Uliza vya kiwanja chako, navyo uviandike.

Ndipo michoro ichorwe. Ionyeshe kiwanja kizima: nyumba iliyopo, banda linalokusudiwa, karo, njia ya maji ya mvua, na umbali wa kila kitu kutoka mpakani. Ichorwe na mtaalamu aliyesajiliwa, ambaye jina lake linaweza kuulizwa katika Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Jengo la ghorofa huhitaji pia michoro ya mhandisi, yenye nondo na nguzo zake.

Maombi yakiwa tayari hupelekwa halmashauri pamoja na nakala ya hati na ushahidi wa kulipia kodi ya ardhi. Siku hizi maombi hupokelewa pia kwa mtandao, kwa mfumo wa serikali uitwao TAUSI. Malipo yafanywe kwa namba ya malipo iliyotolewa na halmashauri, benki au kwa simu. Fedha iliyowekwa mkononi mwa mtu chini ya mwembe haina risiti, na fedha isiyo na risiti haitakutetea siku ya mkaguzi.

Kibali kikitoka, kisome chote. Kina masharti na kina muda. Ukipita hujajenga, itakubidi urudi ofisini. Weka nakala mahali pa kazi, na umwite mkaguzi katika kila hatua inayotajwa, hasa msingi kabla haujafukiwa, kwani kilichofukiwa hakikaguliki tena. Na umeme uwekwe na fundi aliyesajiliwa. Waya uliovutwa dirishani kutoka nyumba kubwa hadi bandani umekwisha unguza vitu vya watu wengi.

"MIMI SINA HATI"

Nasikia msomaji mmoja akisema: hayo ni ya wenye viwanja vilivyopimwa, sisi wa kwenye mitaa isiyopimwa tufanyeje? Swali hilo ni la haki, maana sehemu kubwa ya wakazi wa miji yetu wanaishi katika mitaa hiyo, na siyo kwa kupenda.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka leseni ya makazi kwa ajili ya watu kama hao, na Dar es Salaam ilianza kuzitoa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Tena upo utaratibu wa urasimishaji, ambapo mtaa mzima hupangwa na kupimwa ukiwa na watu wake ndani. Kama mtaa wako umo katika urasimishaji, tulia kwanza. Ramani ya mipango inaweza kuipitisha njia ya watembea kwa miguu mahali pale pale unapotaka kuweka banda. Nenda ofisi ya mtaa, uombe kuonyeshwa ramani hiyo, na uweke kidole juu ya kiwanja chako. Usione haya. Kuuliza si ujinga.

BANDA NI LA NANI?

Sasa nataka kugusa jambo ambalo halimo katika fomu ya halmashauri, lakini ndilo linalovunja nyumba nyingi kuliko tingatinga.

Mara nyingi banda la uani halijengwi na mwenye kiwanja, bali na mwanawe. Kijana amepata kazi, ameoa, na mzee anamwambia, "Jenga hapo nyuma, mwanangu, kwani pana tabu gani?" Kijana hununua matofali na mabati kwa jasho lake. Miaka kumi baadaye mzee hufariki, ndugu hukusanyika baada ya arobaini, na yule kijana huleta risiti zake za dukani. Hapo ndipo hugundua kwamba sheria inaihesabu ardhi pamoja na majengo yaliyokazwa juu yake. Kiwanja kikiwa cha baba, banda lililo juu yake huhesabiwa pamoja na kiwanja. Kibali nacho hutoka kwa jina la mwenye kiwanja, siyo la aliyenunua saruji.

Sisemi vijana wasijenge kwa wazazi wao. Upendo huo ni hazina yetu. Nasema mambo yaandikwe wakati watu wangali wanacheka. Baba, mama na watoto wote wakubwa waketi, waandike nani ametoa nini na akiondoka atarudishiwa nini, watie saini mbele ya mashahidi, na karatasi hiyo waende nayo kwa mwanasheria. Na mume asianze msingi bila mkewe kujua. Fedha ya banda hutoka katika chungu kimoja na fedha ya chakula na ada.

Hali kadhalika kwa wapangaji. Mwaka 2021 ulipoanzishwa utaratibu wa kukata kodi ya majengo kupitia umeme wa LUKU, wapangaji wengi walijikuta wakimlipia mwenye nyumba kodi yake bila kuelewana. Kabla ya kukabidhi ufunguo wa chumba cha uani, andikeni mkataba: kodi ni kiasi gani, umeme na maji hulipwaje, karo likijaa nani huita gari. Mkataba wa ukurasa mmoja huokoa ugomvi wa mwaka mzima.

KURUDI KWA MZEE

Nilirudi kwa mzee wetu siku ya Jumatano, safari hii tukiwa na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa na akili kuliko sote wawili. Alikuwa amekwenda halmashauri kuuliza hasa kosa ni nini, jambo ambalo baba yake, kwa fedheha, hakuweza kulifanya. Akaambiwa makosa ni mawili: hapakuwa na kibali, na ukuta wa nyuma umeingia hatua mbili ndani ya kichochoro, ambacho ndicho njia ya pekee ya gari la majitaka kwa nyumba sita. Majirani ndio waliolalamika.

Chumba cha tatu hakina budi kubomolewa. Viwili vilivyobaki vimo ndani ya mpaka, na ofisi imewaambia wapeleke michoro na maombi, wakaguliwe, na mpaka majibu yatoke wasiguse kitu. Hakuna aliyewaahidi lolote zaidi ya hapo. Mzee alisikiliza yote kimya. Kisha akainuka, akachukua sururu, akaanza mwenyewe kuung'oa ule ukuta wa nyuma, tofali moja baada ya jingine, polepole, ili yasivunjike apate kuyatumia tena. Jirani wa nyuma, yule yule aliyelalamika, alitoka akamwamkia, akavua shati, akaanza kuyapanga kando.

Nilimwuliza mzee angependa niwaambie nini wasomaji. Alifikiri kidogo. "Waambie kwamba kwenda kuuliza kungenigharimu nauli ya basi," alisema. "Na waambie wasimwulize fundi swali la halmashauri. Fundi naye ana watoto wa kulisha, atasema ndiyo."

Ndugu msomaji, kama una mchanga uliomwagwa uani na fundi anakuja kesho asubuhi, mwambie asubiri kidogo. Mchanga hauozi. Panda basi, nenda ukaulize, urudi na karatasi yako mkononi. Ukuta utakaouinua baada ya hapo utaweza kuupa mgongo ukalala usingizi.

Tukutane Jumapili ijayo.